Wiki moja Ufaransa: lala Avignon, vijiji vifuate kwa zamu

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako tujibu ukurasa wa safari uliowashauri wasomaji wa pwani wenye likizo ya wiki moja waende Paris, Lyon, Avignon na Nice, kisha "wapitie vijiji vya Provence" jioni ya mwisho. Kwenye ramani inawezekana. Kwa mtu anayeanza safari kwa boti kutoka gati la Lamu hadi uwanja wa Manda, ratiba hiyo ni ya kubeba mabegi kutoka stesheni hadi stesheni. Sisi tunaopanga safari za namna hii tunashauri kinyume chake: mji mmoja, hoteli moja, usiku sita, na vijiji kwa safari za kwenda na kurudi. Mji wenyewe uwe Avignon, ulioko Provence, kusini-mashariki mwa Ufaransa.

Avignon inamfaa mtu wa Lamu kwa sababu inatembeleka kwa miguu. Mji wa kale umezungukwa na ukuta wa mawe wenye mzingo wa kilomita 4.3 ambao bado umesimama wote, na kutoka lango lililo mbele ya stesheni ya Avignon Centre hadi Kasri la Mapapa ni barabara moja iliyonyooka, mwendo wa robo saa. Papa Clement V alihamia huko mwaka 1309. Kasri lilianza kujengwa 1335, na mji ukabaki mali ya Kanisa hadi 1791. UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1995, miaka sita kabla ya Lamu.

Tuanze na viza, maana hapo ndipo ukurasa wenu ulipopotosha zaidi uliposema kwamba kupata viza "wiki moja yatosha". Sheria ya Schengen, yaani ya nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, inaruhusu ombi lipelekwe kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15, lakini ubalozi una haki ya kuongeza hadi siku 45 wakitaka kuchunguza zaidi. Juu ya hizo kuna siku za kungoja miadi, na miadi ni Nairobi: anayeomba kwa mara ya kwanza lazima aende mwenyewe kuweka alama za vidole. Alama hizo zikishachukuliwa hutumika kwa miezi 59. Kwa anayetoka Lamu tunahesabu miezi mitatu kamili kutoka kuomba miadi hadi kupanda ndege, na safari ya Nairobi iwekewe bajeti yake. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Aliye chini ya miaka 6 halipi. Kituo kinachopokea maombi hutoza gharama yake ya huduma mbali. Ukinyimwa viza, ada hairudi.

Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka kumi iliyopita, iwe hai angalau miezi mitatu baada ya tarehe ya kuondoka Ulaya, na iwe na kurasa mbili tupu. Bima ya matibabu na ya kurudishwa nyumbani isipungue euro 30,000, na iseme wazi kwamba inafanya kazi katika nchi zote za Schengen. Fedha: Ufaransa inataka uonyeshe euro 65 kwa kila siku ukiwa na hoteli iliyothibitishwa kwa siku zote, na euro 120 kwa siku ukiwa huna. Kwa siku saba zenye hoteli, basi, ni euro 455. Hicho ni kiwango cha chini tu. Afisa husoma pia mwenendo wa taarifa ya benki kwa miezi kadhaa, na pesa nyingi zilizoingia siku mbili kabla ya kuchapisha taarifa huleta maswali kuliko pesa kidogo zinazoingia kila mwezi.

Wengi huku kwetu, Shela hasa, wana rafiki Mzungu anayesema "njoo, utalala kwangu". Mwaliko wa maneno au wa barua pepe hautoshi. Mwenyeji lazima aende ofisi ya meya wa mji wake, alipe stempu ya euro 30, apewe hati inayoitwa attestation d'accueil, na akutumie hati yenyewe kabla ya miadi yako. Hati hiyo inaweza kuchukua wiki kadhaa, kwa hiyo mkumbushe mapema. Na kwa ndugu zetu wa Malindi wenye marafiki Waitalia: ombi hupelekwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Ukilala Avignon usiku sita na Milano usiku mmoja, ombi lako ni la Ufaransa hata kama tiketi ya ndege inatua Italia. Anayekosea hapo huambiwa aanze upya kwingine, na wiki zimeshakwenda.

Usilipie tiketi ya ndege isiyorudishwa kabla viza haijatoka. Kwa ombi lenyewe, buking inatosha.

Majira. Julai Avignon huwa na tamasha kubwa la tamthilia lililoanzishwa 1947, na kwa karibu wiki tatu vyumba hujaa, bei hupanda, na ua mkuu wa Kasri hujengwa majukwaa ya watazamaji. Anayetaka mji utulie aende kati ya katikati ya Mei na katikati ya Juni, au Septemba. Anayetaka kuona mashamba ya lavenda yakiwa zambarau hana budi kwenda mwisho wa Juni hadi katikati ya Julai, na avumilie joto na bei. Baada ya hapo mashine huvuna, na picha za mtandaoni hazitakusaidia, shamba litakuwa visiki vya kijivu. Upepo nao una habari yake. Mtu wa pwani hudhani anazijua pepo zote, lakini mistral hushuka bonde la mto Rhône kutoka kaskazini ukiwa mkavu na baridi, huweza kuvuma siku kadhaa mfululizo, na mara nyingine hupita kilomita 100 kwa saa. Hewa huwa safi kabisa, mbingu buluu, na wewe unatetemeka mwezi wa Mei. Beba jaketi la kuzuia upepo, si sweta peke yake.

Kutoka Lamu usiunge safari zote siku moja. Ndege ndogo za Manda nyingi huruhusu kilo 15 tu za mzigo, na zikitua uwanja wa Wilson, Nairobi, uwanja wa kimataifa wa JKIA uko upande wa pili wa foleni ya Nairobi. Lala Nairobi usiku mmoja. Ukitua Paris kwenye uwanja wa Charles de Gaulle, huna haja ya kuingia mjini: chini ya jengo la 2 kuna stesheni ya treni ya kasi, TGV, na baadhi ya treni huenda moja kwa moja Avignon kwa zaidi kidogo ya saa tatu. Acha nafasi ya saa tatu kati ya kutua na treni, kwani tangu Oktoba 2025 mipaka ya Schengen imeanza kuchukua picha na alama za vidole za kila mgeni na foleni zimekuwa ndefu. Tiketi ya TGV ni ya treni ile ile tu. Ukiikosa, huenda ukalazimika kulipa upya. Kuna tiketi za ndege na treni zinazouzwa pamoja kwa namba moja ya buking, na hizo tunazipendelea, kwa sababu ndege ikichelewa unatafutiwa treni nyingine.

Bei za TGV hupanda kadiri siku zinavyokaribia, kwa hiyo kata mara viza inapotoka. Treni za mikoani, TER, hazina haraka hiyo, na unaweza kununua siku hiyo hiyo. Kila begi la TGV liwe na kibandiko chenye jina lako. Ni sheria, na kuna faini. Milango hufungwa dakika mbili kabla ya kuondoka, na mwenye begi anayekimbia hafunguliwi. Kuna jambo dogo linalowakosesha Waswahili wengi treni: tiketi huandikwa kwa saa 24 za siku. 13:05 ni saa saba na dakika tano mchana, 19:40 ni saa moja na dakika arubaini usiku. Ufaransa iko nyuma yetu kwa saa moja majira ya joto na saa mbili majira ya baridi. Andika saa zote mbili kwenye karatasi kabla ya kuondoka.

Avignon ina stesheni mbili. TGV husimama Avignon TGV, nje ya mji. Hapo ubadilishe treni ndogo ya dakika tano hadi Avignon Centre, mkabala na ukuta. Hoteli itafutwe ndani ya ukuta au karibu na stesheni hii ya pili. Vyumba vya bei nafuu karibu na TGV vinavutia, ila jioni vinakuacha mbali na kila kitu.

Tunapanga kufika siku ya Alhamisi, na siku hiyo imechaguliwa kwa sababu ya masoko na siku za kufungwa. Ijumaa ni ya mji. Soko la ndani, Les Halles, hufunguliwa asubuhi kuanzia Jumanne hadi Jumapili na hufungwa kabisa Jumatatu. Kasri la Mapapa nalo lipewe nusu siku, na ujue mapema kwamba vyumba vingi ni vitupu. Watu hutoka wakinung'unika wamelipia kuta. Sababu ni kwamba baada ya Mapinduzi ya Ufaransa kasri liliporwa, kisha likawa kambi ya jeshi hadi 1906, na askari walibandua vipande vya michoro wakaviuza. Kwa hiyo usikimbie vyumba vikubwa ukachoka kabla hujafika chumba cha kazi cha Papa Clement VI. Humo kuta zimechorwa uwindaji tangu karne ya 14, na ukutani mmoja kuna bwawa la samaki, watu wamelizunguka na nyavu. Mvuvi wa Lamu atasimama hapo kwa muda. Daraja la Saint-Bénézet liko jirani: lilikuwa na matao 22, mafuriko ya Rhône yakayabomoa tena na tena hadi watu wakachoka kulijenga, na leo yamebaki manne. Ukikata tiketi ya kasri na daraja pamoja hupungua bei. Asiyetaka kulipia daraja apande bustani ya Rocher des Doms nyuma ya kasri, aliangalie kutoka juu bila malipo.

Jumamosi vuka mto kwenda Villeneuve-lès-Avignon kwa basi la mji. Rhône ilikuwa mpaka, ng'ambo ile ikiwa ya mfalme wa Ufaransa, ndiyo maana kuna mnara na ngome zinazoutazama mji wa Papa. Nusu siku inatosha. Kurudi, kuna boti ya bure ya kuvusha watu kati ya kisiwa cha Barthelasse na ukingo wa Avignon. Ratiba hubadilika kwa msimu na mto ukifurika haiendi.

Jumapili ni L'Isle-sur-la-Sorgue, mji mdogo uliokatwa na mifereji yenye magurudumu ya maji yaliyoota ukoga wa kijani. Soko la Jumapili ni la vyakula na vitu vya kale pamoja, na hilo ndilo linaloleta msongamano: wenye magari wakifika baada ya saa tatu asubuhi huzunguka bila pa kuegesha. Wewe nenda kwa TER kutoka Avignon Centre, nusu saa tu, ufike kabla ya saa tatu. Angalia treni za kurudi kabla ya kutoka stesheni, kwani Jumapili ni chache. Saa saba mchana wachuuzi wanakunja. Nunua hapo jibini, matunda, zeituni na mkate vya kesho, maana Jumatatu vijijini mikahawa mingi imefungwa.

Kutoka hapo hadi Fontaine-de-Vaucluse ni kilomita 7, kwa teksi au baiskeli ya kukodi. Chemchemi yake hutoka chini ya jabali, na mwaka 1985 roboti iliteremshwa humo hadi mita 308. Machi na Aprili maji hufurika kwa kishindo. Agosti na Septemba dimbwi hushuka na unaona shimo lililotulia. Mto chini yake bado ni wa kijani na mzuri, lakini aliyefuata kishindo asiseme amedanganywa.

Jumatatu na Jumanne ndizo siku za gari. Mabasi ya mkoa yapo na nauli ni ndogo, ila yanayofika vijiji vya Gordes na Roussillon ni machache kwa siku, na ukikosa la jioni hakuna jingine. Kodi gari kwenye stesheni ya Avignon TGV, kwani ofisi za katikati ya mji hufunga Jumamosi mchana hadi Jumatatu. Magari mengi ni ya gia za mkono. Ukitaka la otomatiki liagize mapema, na ni ghali zaidi. Utahitaji leseni ya Kenya pamoja na kibali cha kimataifa cha kuendesha, kinachotolewa nchini na AA Kenya, na kadi ya mkopo yenye jina la dereva. Kadi ya kawaida ya benki mara nyingi hukataliwa kwa ajili ya amana, na watu hubaki kaunta na mabegi yao.

Huko gari hupita kulia na usukani uko kushoto. Kosa la Mkenya hutokea zaidi anapotoka kwenye maegesho asubuhi barabara ikiwa tupu kuliko barabara kuu, kwa hiyo abiria apewe kazi ya kusema "kulia" kila mnapotoka. Kwenye raundabauti unaingia kwa kulia na kuzunguka kinyume cha mwendo wa mishale ya saa, na aliye ndani ana haki. Ndani ya vijiji pasipo na kibao, gari linalotoka kulia kwako lina haki hata kama kinjia chake ni kidogo. Mwendo ni 50 mjini na 80 nje, isipokuwa kibao kiseme vingine, na kamera zipo. Kituo cha mafuta, gazole ni dizeli na SP95 ni petroli. Soma kifuniko cha tangi kwanza.

Jumatatu anza Roussillon mapema. Kijiji kizima kimepakwa rangi ya udongo wake, kuanzia njano hadi nyekundu ya damu, na njia ya Sentier des Ocres inakupitisha ndani ya machimbo ya zamani kwa nusu saa au kama saa moja, ukichagua mzunguko mfupi au mrefu. Mvua ikinyesha hufungwa. Vumbi lile ni oksidi ya chuma na hushika kila kitu: vaa viatu vya kufunika vya rangi nyeusi, kanzu nyeupe ibaki hotelini. Likishika nguo, likung'ute likiwa kavu kwanza. Ukilitia maji tu, limeshaingia. Gordes iko kilomita kumi hivi kutoka hapo. Usimame bondeni kabla ya kuingia, kwenye jabali linalokitazama kijiji, maana uzuri wake ni kukiona kikiwa kimening'inia mlimani. Ndani ni maduka na ngazi. Maegesho hulipiwa, na mashine hutaka namba ya gari, basi ipige picha. Jumanne Gordes ina soko na magari hujaa, ndiyo sababu tumeiweka Jumatatu. Abasia ya Sénanque, iliyoanzishwa 1148, iko kilomita nne kwa barabara nyembamba. Watawa bado wanaishi na kusali humo: mabega na magoti yafunikwe, sauti ishushwe, na usikanyage mistari ya lavenda kwa ajili ya picha.

Jumanne, vijiji vya Lourmarin na Bonnieux, na Pont Julien, daraja la Warumi la mwaka 3 kabla ya Kristo ambalo magari yalilivuka hadi 2005. Sasa ni la miguu na baiskeli. Kama ni kiangazi na mnataka kupanda milima ya Luberon, tazameni jioni tangazo la mkoa la hatari ya moto. Siku za upepo na ukavu misitu hufungwa kabisa.

Chakula. Jikoni hufungwa saa nane mchana, na anayefika saa tisa atapata kahawa. Jioni hakuna kitu cha moto kabla ya saa moja. Asiyekula nguruwe na pombe aulize kila mara: daube ni ng'ombe aliyepikwa kwa mvinyo, na saladi nyingi na mkate wa fougasse hutiwa vipande vya nguruwe bila kuonekana mwanzoni. Sema "sans porc, sans alcool" kabla ya kuagiza. Ratatouille, yaani mchuzi wa mboga, na samaki ni salama zaidi, na maduka ya nyama halali yapo Avignon, vijijini usitegemee. Maji ya bomba hunyweka. Omba "carafe d'eau", ni bure, lakini chemchemi yenye maandishi "non potable" usinywe. Mwezi wa Juni jua huzama karibu saa tatu na nusu usiku, isha hukaribia saa sita, na alfajiri ni kama saa kumi. Wanaosali wapange usingizi wa mchana, la sivyo siku ya tatu dereva atasinzia.

Mashine ya kadi ikikuuliza ulipe kwa euro au shilingi, chagua euro. Ukichagua shilingi, kiwango cha kubadilisha ni chao. Plagi ni za pini mbili za duara, kwa hiyo nunua adapta Mombasa au Nairobi.

Siku ya kurudi usikate TGV ya mwisho inayoweza kuwahi ndege. Kata inayotangulia. Migomo ya treni ipo na hutangazwa kabla, na ratiba ya siku ya mgomo hutolewa jioni ya kuamkia, kufikia saa kumi na moja. Kama tiketi yako ni ya asubuhi ya siku hiyo, hapo ndipo unapoamua kuhamia treni nyingine au kuondoka jioni ile ile.

Tunaliomba gazeti lichapishe marekebisho ya ile hesabu ya wiki moja ya viza. Wako wasomaji wanaopanga likizo ya Agosti kwa kuitegemea.

Wapangaji wa safari,
Mkomani, Lamu